Maswali ya wasomaji: kadi ya kliniki, sindano na haki ya kukataa

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu anaweza kulazimishwa kuchanjwa? Tumechagua sita. Tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaondoa.

Shule inadai kadi ya kliniki

Shikamooni. Nina mtoto wa miaka minne. Shule ya awali ninayotaka kumpeleka inadai kadi ya kliniki, na mwalimu mkuu amesema asiyekamilisha chanjo hapokelewi. Baba yake amekasirika. Anasema mtoto ni wetu, si wa shule, na chanjo ni hiari. Nani ana haki? – Mama wa mmoja, Morogoro

Marahaba, mama. Baba mtoto ana ukweli wake: shule haina mamlaka juu ya mwili wa mtoto wenu. Ila neno "wetu" lina uzito kuliko anavyolitumia. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 kinataja matibabu pamoja na chanjo katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi na elimu. Hizo ni haki za mtoto mwenyewe, na mzazi ndiye mwenye wajibu wa kuzitimiza. Mtu mzima akikataa sindano, anaamua juu ya mwili wake. Mzazi akikataa, anayeamua ni mmoja na atakayeugua ni mwingine. Na kwa ugonjwa kama surua, kuna wa tatu: mtoto wa jirani aliyekaa dawati moja na wako.

Tuhesabu kidogo, maana hapa hesabu ndiyo hoja yenyewe. Mgonjwa mmoja wa surua, akiwa kati ya watu wasio na kinga yoyote, huambukiza watu 12 hadi 18. Virusi hubaki hewani ndani ya chumba hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka, na mgonjwa huanza kuambukiza siku nne kabla vipele havijaonekana. Hakuna mwalimu atakayemtambua kwa macho akamrudisha nyumbani mapema. Ili ugonjwa wa namna hiyo ukose njia, kati ya watoto 100 lazima 92 hadi 94 wawe na kinga ya kweli. Ndiyo maana wataalamu wanalenga 95.

Sasa iangalieni kadi vizuri. Dozi ya kwanza ya surua-rubela hutolewa miezi 9. Umri huo baadhi ya watoto bado wana kingamwili walizotoka nazo tumboni kwa mama, nazo huiua chanjo kabla haijafanya kazi. Kwa hiyo dozi hiyo hushika kwa watoto kama 85 kati ya 100. Ya pili, ya miezi 18, ndiyo inayowaokota walioachwa na ya kwanza. Shule yenye watoto 200, wote wakiwa na dozi moja tu, ina watoto 30 wasio na kinga huku kila mzazi akiapa kwamba wake amechanjwa. Wote wakiwa na dozi mbili, wenye kinga huzidi 190, na yule mmoja asiyeweza kuchanjwa kwa sababu anatibiwa saratani anafunikwa na wenzake. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayefungua kadi asitosheke na kuona kwamba ipo. Aende kwenye mstari wa miezi 18, maana ndio unaoachwa wazi mara nyingi: mtoto ameshatembea, mama amerudi kazini, kliniki imesahaulika.

Kudai kadi kunakubalika, basi, kwa ugonjwa unaorukaruka darasani. Kumfungia mtoto mlango moja kwa moja hakukubaliki. Shule yenye busara impokee, impe mzazi siku kama 30, na imwandikie barua ya kupeleka zahanati. Chanjo hizo ni bure, na dozi ya pili ikichelewa hutolewa palepale bila kuanza upya. Mtoto mwenye cheti cha daktari kwamba hawezi kuchanjwa asisumbuliwe. Pakitokea mlipuko, mtoto asiye na chanjo akae nyumbani hadi zipite siku 21 tangu mgonjwa wa mwisho apate vipele. Hilo litolewe kwa maandishi mapema, mzazi alijue siku ya kuandikisha, lisije kuonekana adhabu ya ghafla.

Jambo moja tunawaomba walimu wakuu walishike sana. Kabla ya kumwita mama mzembe, muulizeni kama aliwahi kwenda kliniki akarudishwa. Chanjo ya surua huja ikiwa unga ndani ya kichupa, kwa kawaida cha dozi 10. Ikishachanganywa na maji yake, kilichobaki hutupwa baada ya saa sita. Muuguzi mwenye mtoto mmoja mbele yake huona dozi tisa zinazokwenda kumwagwa, akamwambia mama, "Njoo Alhamisi, watoto watakuwa wengi." Mama ametembea kilomita nane na mtoto mgongoni. Alhamisi hiyo hatarudi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Ambaye huduma ilimkimbia hajakataa chanjo, na kumtoza faini ni dhuluma.

Mgambo kwa ajili ya sindano

Mimi ni muuguzi wa zahanati ya kijiji. Familia tatu hazichanji watoto kwa sababu ya imani. Mtendaji amechoka, anataka twende alfajiri na mgambo tuwashike watoto tuwachanje. Sitaki kuzika mtoto kwa surua, lakini mkono wangu unasita. Nifanye nini? – Muuguzi, Rukwa

Dada muuguzi, mkono wako umesita pale unapopaswa kusita. Usiende.

Lazima ina ngazi, na watu wengi huzungumza kana kwamba ina ngazi moja tu. Kuna kueleza, kuna kukumbusha, kuna kumsogezea mtu huduma mlangoni. Kuna kudai kadi shuleni. Juu yake kuna faini, na juu kabisa kuna kumshika mtu kwa nguvu. Nchi nyingi zenye sheria kali za chanjo, hata pale mahakama zao zilipozitetea, zimesimama kabla ya ngazi hiyo ya mwisho. Mwaka 1905 Mahakama ya Juu ya Marekani iliithibitisha adhabu ya mchungaji Henning Jacobson wa mji wa Cambridge, Massachusetts, aliyekataa chanjo ya ndui wakati wa mlipuko. Majaji saba dhidi ya wawili walisema uhuru wa mtu mmoja haumpi ruhusa ya kuhatarisha wengine. Lakini kilichokuwa mezani kilikuwa faini ya dola 5, na majaji waliongeza kwamba mambo yangekuwa tofauti kwa mtu ambaye afya yake haiwezi kuhimili chanjo. Mwaka 2021 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliitetea sheria ya Ucheki ya chanjo za watoto. Humo nako mzazi alitozwa faini mara moja, watoto wengine wakakosa nafasi za chekechea, na hakuna aliyechomwa sindano kwa nguvu. Shule ya msingi haikufungwa kwa yeyote. Uganda nayo, katika Sheria yake ya Chanjo ya 2017, imeziweka chanjo za watoto kuwa wajibu wenye adhabu.

Kwa nini kusimama hapo? Kwanza, kanuni ya "kwa faida ya wote" ikiachwa bila mpaka huenda ikakanyaga mahali pengine. Mwaka 1927 mahakama ileile ya Marekani iliitumia hukumu ya Jacobson kuhalalisha mwanamke mmoja wa Virginia kufungwa kizazi bila hiari yake. Hoja ya jaji ilikuwa kwamba kanuni inayoruhusu chanjo ya lazima ni pana kiasi cha kuruhusu na hilo. Tangu hapo anayeitetea chanjo ya lazima, nasi tukiwemo kwa baadhi ya magonjwa, ana deni la kusema inaishia wapi. Sisi tunasema inaishia kwenye ngozi.

Pili, nguvu haileti kinga unayoitafuta. Uingereza iliweka chanjo ya ndui kuwa lazima kwa watoto wachanga mwaka 1853, na mwaka 1867 ikaruhusu mzazi atozwe faini tena na tena. Walioshindwa kulipa walinyang'anywa vyombo vya ndani au wakafungwa. Wenye fedha walilipa wakaendelea kukataa, kwa hiyo sheria ilimwangukia maskini peke yake. Mwaka 1885 maelfu kwa maelfu waliandamana mjini Leicester. Na hofu yao haikuwa ya upuuzi mtupu: enzi hizo ute wa chanjo ulichukuliwa kutoka kidonda cha mkono wa mtoto mmoja ukapandikizwa kwa mwingine, na kaswende ingeweza kupita humo. Mwaka 1898 serikali ilifanya mawili, ikaacha njia hiyo ya mkono kwa mkono na ikamruhusu mzazi kukataa kwa dhamiri.

Tatu, fikiria asubuhi yenyewe. Surua-rubela ni nusu mililita chini ya ngozi ya mkono. Mtoto anayepigana, mama analia, mgambo ameshika mguu: sindano huchana ngozi, dozi humwagika nusu, au unajichoma mwenyewe. Ukiondoka, mtoto akipata homa siku ya saba hadi ya kumi na mbili, jambo linalotokea kwa kawaida, mama huyo hatamleta kwako. Atamficha. Na mwakani akiumwa malaria atamficha vilevile.

Badala yake fanya hivi. Nenda wewe na mtu mmoja tu ambaye familia inamheshimu, mzee wa kanisa lao akikubali, la sivyo bibi wa nyumbani. Usianze na chanjo, anza na watoto: wanakula, wanalala, nani alikohoa. Uliza wanachokiogopa kisha nyamaza usikilize hadi mwisho, maana "imani" mara nyingi hufunika jambo jingine. Dozi ya kwanza ilileta jipu. Mhudumu alimsimanga mama mbele za watu kwa kuchelewa. Mtoto wa ndugu alikufa wiki ile ile. Kisha sema kweli yote, pamoja na isiyopendeza: homa ndogo kwa baadhi, vipele vichache, mara chache sana degedege la homa, na mzio mkali kwa mmoja hivi kati ya dozi milioni. Waambie utakaa nao dakika 30 baada ya sindano na adrenalini ikiwa mkononi. Wakikataa, shukuru na uondoke. Andika kwenye rejista "hawajakubali kwa sasa" na tarehe. Rudi baada ya mwezi. Surua ikiingia kijijini, rudi siku hiyo hiyo, maana chanjo ndani ya saa 72 tangu mtoto akutane na mgonjwa bado inaweza kumkinga. Wengi hubadilika wakati huo, kama mlango hukuubamiza.

Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya asili duniani, Ali Maow Maalin, alikuwa mpishi wa hospitali ya Merca, pwani ya Somalia, mwezi Oktoba 1977. Aliikwepa chanjo kwa sababu aliogopa maumivu ya sindano, akiwa ndani ya hospitali! Watu zaidi ya 50,000 walichanjwa mjini humo ndani ya wiki mbili ili kuuzima moto. Baadaye alijitolea katika kampeni za polio, akiwasimulia wazazi wenye mashaka kosa lake mwenyewe. Alilikubali akiwa mtu huru, ndiyo maana walimsikiliza.

Mwambie mtendaji jambo jingine. Anayetaka kulazimisha, mikono yake iwe safi kwanza. Mei 2017, Kapoeta Mashariki, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa katika kampeni ya surua. Bomba moja la sindano lilitumika siku nne, chanjo zilikaa bila barafu, na baadhi ya waliokuwa wanachanja walikuwa watoto wenyewe. Chanjo haikuwa na kosa, walioibeba ndio wenye kosa. Hebu fikiri kama wazazi wale wangekuwa wameletwa na askari.

Kuna hali moja ambapo tutakuambia usisubiri ridhaa hata siku mbili. Mtoto ameng'atwa na mbwa anayeshukiwa kichaa na mzazi anakataa chanjo. Kichaa cha mbwa dalili zikianza karibu wote hufa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mwite afisa ustawi wa jamii saa hiyo hiyo, naye aende mahakamani ikibidi. Dozi ya kwanza ni leo, halafu siku ya 3, siku ya 7 na kuendelea. Hapo hatari si ya kukadiria, ipo kwenye mguu wa mtoto.

Mume anakataza pepopunda

Nina ujauzito wa miezi mitano. Mume wangu amesikia kwamba sindano ya pepopunda inafunga kizazi, amenikataza. Kliniki wanasema ni lazima. Nimsikilize nani? – Msomaji, Tanga

Dada yetu, tuanze na kliniki. Wakisema "lazima" wanamaanisha "muhimu sana". Pepopunda haiambukizwi kutoka mtu kwa mtu. Mbegu za bakteria wake zimo kwenye udongo na samadi, na hata mtaa mzima ukichanjwa udongo unabaki vilevile. Ile hoja ya kumkinga jirani, tuliyoitumia kwa surua, hapa haipo. Hakuna wa kukulazimisha kwa ajili ya watu wengine.

Kwa hoja hiyo hiyo, hakuna wa kukukataza. Mwili ni wako. Ridhaa inayotakiwa kabla ya sindano ni yako wewe mwenye ujauzito, na muuguzi hahitaji saini ya mume. Anayenufaika ni wewe na mtoto tumboni, kwa sababu kingamwili zako huvuka kondo la nyuma zikamkinga wiki za mwanzo. Mtoto mchanga aliyekatwa kitovu kwa wembe usio safi, au aliyepakwa majivu au samadi kitovuni, hunyonya vizuri siku mbili za kwanza. Halafu taya linakaza, anashindwa kunyonya, mwili unakakamaa kila akiguswa au mwanga ukiingia. Waliowahi kumwona mtoto wa namna hiyo hawabishani tena kuhusu sindano.

Ratiba: dozi ya kwanza sasa, ya pili baada ya wiki nne, na iwe angalau wiki mbili kabla ya kujifungua. Ya tatu miezi sita baada ya ya pili, ya nne mwaka mmoja baadaye, ya tano mwaka mwingine. Ukitimiza tano umejikinga kwa muda wote wa kuzaa. Chanjo hiyo haina homoni wala dawa ya kuzuia mimba, na dozi hizo tano wamezipata wanawake wengi waliozaa baada yake, huenda mama mkwe wako ni mmoja wao. Muulize mbele ya mwanawe.

Homa ya manjano na kadi za kununua

Nina miaka 67, naishi Lubumbashi. Nakwenda Dar es Salaam kisha Zanzibar kwa mwanangu. Nimeambiwa chanjo ya homa ya manjano ni hatari kwa wazee. Kijana mmoja amejitolea kunipatia kadi ya manjano bila sindano. Nilichanjwa Kinshasa mwaka 2016 lakini kadi sina. – Mzee, Lubumbashi

Shikamoo mzee. Kadi ya kijana huyo iache. Mwaka 2016, homa ya manjano ilipowaka Angola, wafanyakazi wa Kichina walirudi nayo hadi kwao China, katika bara la Asia, ambalo lina mbu wa kuieneza lakini ugonjwa wenyewe haujawahi kuenea humo. Ulinzi wote wa safari unakaa juu ya karatasi hiyo kusema kweli.

Hofu yako ya umri ina msingi. Chanjo hii ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, na madhara makali, ingawa ni adimu, huongezeka kwa wenye miaka 60 na zaidi wanaochanjwa mara ya kwanza. Ila kumbuka Kinshasa: kampeni ya Agosti 2016 ilitumia sehemu ya tano ya dozi, mililita 0.1 badala ya 0.5, kwa sababu chanjo zilikuwa chache. Kama ndiyo uliyopata, mwili wako umeshakutana nayo, na hilo mweleze daktari kwani linabadilisha hesabu. Lakini dozi hiyo pungufu haikutambuliwa kwa cheti cha safari.

Nenda kituo kilichoidhinishwa, taja dawa zote unazotumia, mzio wa mayai, na kama uliwahi kuwa na ugonjwa wa tezi ya thaimasi kifuani. Daktari akiona ni salama, utachanjwa na cheti kitaanza kutumika siku ya 10. Tangu Julai 2016 cheti hudumu maisha yako yote, hata kama kadi ya zamani ina tarehe ya mwisho. Akiona si salama, anaandika sababu, anasaini na kugonga mhuri wa kituo kwenye cheti hicho hicho. Beba na barua yake kwa Kifaransa au Kiingereza. Karatasi hiyo haikupi haki ya kupita moja kwa moja: nchi unayoingia inaweza kukuweka chini ya uangalizi, kwa homa ya manjano si zaidi ya siku sita tangu utoke eneo lenye ugonjwa.

Ukiuliza uhuru wako uko wapi hapo, Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinajibu kwa namna tunayoiona ya haki: hachanjwi msafiri bila ridhaa yake, na asiyeridhia anaweza kunyimwa kuingia. Mwanya upo, amri ya kumchanja mtu au kumtenga, lakini imewekewa sharti la ushahidi wa hatari iliyo karibu.

Chanjo kwanza, huduma baadaye

Wakati wa korona Kenya walitaka kuwanyima huduma wasiochanjwa. Ilikuwa sawa? – Msomaji, Kilifi

Kwa maoni yetu, hapana. Novemba 2021 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba kuanzia Desemba 21 mtu angehitaji uthibitisho wa chanjo ili ahudumiwe katika ofisi za serikali. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo mwezi Desemba. Wakati huo dozi hazikuwa zimewatosha hata watu wazima wote waliozitaka, na mwezi mmoja ulikuwa mfupi mno. Tena hospitali na pasipoti si kama ukumbi wa starehe: ni haki, na mtu hana pa kwenda kuzitafuta kwingine. Zaidi ya yote, chanjo za korona zilipunguza vifo sana kuliko zilivyozuia maambukizi, hasa ilipofika Omicron, aina ya baadaye ya kirusi hicho. Ambapo faida kubwa inabaki kwa anayechanjwa, hoja ya kumlazimisha kwa ajili ya jirani hudhoofika.

Mtoto akidhurika

Naishi Hamburg. Huku mtoto hapokelewi chekechea bila chanjo ya surua. Nakubali, ila nauliza: wakilazimisha na mtoto akadhurika, nani anabeba? Na kwetu je? – Mama Kibibi, Ujerumani

Mama Kibibi, umeuliza lililotakiwa kuulizwa kwanza kabla ya sheria yoyote kupitishwa. Sheria ya surua ya huko ilianza Machi 1, 2020: dozi moja kwa mtoto wa mwaka mmoja, mbili akifika miwili, na faini hadi euro 2,500. Kadi ya kliniki ya nyumbani mpelekee daktari wa watoto, aihamishie kwenye kijitabu cha chanjo cha huko. Maandishi yakiwa yamefutika, kipimo cha damu cha kingamwili kinatosha, au arudie dozi, haina madhara.

Kuhusu fidia, mahakama ya juu ya Ujerumani iliamua mwaka 1953, katika kesi ya chanjo ya ndui, kwamba aliyeumizwa na chanjo ya lazima amejitoa kwa ajili ya wote, kwa hiyo wote wamlipe. Uingereza ina sheria ya malipo tangu 1979, Marekani tangu 1986. Madhara ya kweli yapo, hata kama ni nadra: matone ya polio husababisha kupooza kwa mtoto mmoja kati ya kama milioni mbili na nusu hadi tatu wanaopata dozi ya kwanza. Kwa jamii namba hiyo ni ndogo. Kwa mama wa mtoto huyo hakuna namba ndogo. Kwa chanjo za korona zilizoletwa na COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo hizo, uliwekwa mfuko wa fidia kwa nchi 92, bila mdai kulazimika kuthibitisha uzembe wa mtu. Tunaona serikali yoyote ya Afrika Mashariki inayotaka kuandika neno "lazima" iandike na mfuko wa namna hiyo kwa chanjo zote, katika sheria hiyo hiyo.

Kwa sasa, mzazi ajilinde kwa kumbukumbu. Siku ya chanjo omba namba ya toleo iliyo kwenye kichupa iandikwe kwenye kadi, pamoja na tarehe na mkono uliochomwa, kisha piga picha kadi. Subiri kituoni dakika 30. Mtoto akivimba uso, akihema kwa shida, akipata degedege, akilegea upande mmoja au homa ikizidi siku mbili, mrudishe kituoni na udai fomu ya taarifa ya madhara baada ya chanjo ijazwe ukiwepo. Tanzania Bara fomu hizo huenda Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na Kenya ni Bodi ya Famasi na Sumu. Mwananchi anaweza kutoa taarifa mwenyewe bila kusubiri muuguzi. Taarifa bila namba ya toleo karibu haifuatiliki, kwa hiyo ile picha ya kadi usiifute.